Mama Muuguzi Anajibu: Msitume Kilichobaki

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha watu ishirini na wawili tuliosoma pamoja. Tumechanga fedha za kusaidia zahanati ya kijiji kimoja ambacho watu wake ni maskini sana. Baadhi yetu wamekusanya dawa zilizobaki majumbani na hospitalini wanakofanya kazi, na mmoja amepata mashine ya ultrasaundi iliyokwisha kutumika, bure kabisa. Makasha yamefika tisa. Fedha tulitaka zilipie usafirishaji. Mwenzetu mmoja anapinga, anasema tunapeleka takataka. Kikao kiliisha kwa kununiana. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mliyemnunia ndiye mwenye haki, na nadhani anawadai samahani.

Nilikaa miaka kumi na minne katika zahanati ya kijijini, muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Siku moja yakaja makasha kama hayo yenu. Watu waliyapokea barabarani kwa vifijo, wakayabeba vichwani mpaka mlangoni. Nikafungua. Vidonge vya kupunguza lehemu. Dawa ya kuotesha nywele! Karatasi za vidonge zilizokatwa, vimebaki vinne au vitano. Chupa zenye maandishi ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, na mimi simpi mtoto wa mtu dawa ambayo siwezi kuisoma. Pakiti ya chumvi za kuongeza maji mwilini haikuwamo hata moja, na kwenye benchi nilikuwa na watoto saba wanaoharisha. Ikabidi niwafundishe mama zao kuchanganya wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kulundika. Vidonge vya zinki, ambavyo mtoto anayeharisha humeza kwa siku 10 hadi 14, sikuwa navyo.

Unajua nilifanya nini mbele ya wafadhili? Nilitia saini hati ya mapokezi, nikapigwa picha nikitabasamu. Anayeomba hachagui, nilijiambia. Kosa hilo ni langu, na nimelibeba mpaka leo, kwa sababu waliondoka wakiamini wamesaidia na mwaka uliofuata wakaleta tena.

Kazi ikaanza walipoondoka. Kwa muda wa jioni kumi na moja nilichambua vidonge kwa taa ya mkono badala ya kulala. Dawa zilizoisha muda sikuweza kuzitupa shimoni zikafika kwenye maji ya kunywa, wala kuzichoma jalalani, maana dawa nyingi huhitaji tanuri la joto kali ndipo ziteketee bila kuacha sumu. Zikabaki stoo, zikachukua rafu za glavu na dawa za sindano. Zawadi ya bure ikageuka mzigo wa yule asiye na kitu.

Na si sisi tu. Vita vilipokuwa Bosnia na Herzegovina, nchi ya Ulaya, kati ya 1992 na katikati ya 1996, ilikadiriwa kwamba tani 17,000 za dawa zisizofaa zilipelekwa kule kwa jina la msaada. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa misaada ya dawa. Wasomee wenzako kikaoni: dawa iwe imeombwa, iwe imeidhinishwa katika nchi inayopokea, isiwe iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa ikarudishwa, ibaki na angalau mwaka mmoja wa kutumika inapofika, maandishi yake yasomeke na wahudumu wa kule. Pia ubora uwe ule ule ambao mtoaji angeukubali kwake. Hapo tu, makasha yenu mangapi yatapona?

Mashine nayo, uliza kwanza. Nani amesomea kuisoma? Jeli itatoka wapi ikiisha? Umeme ukipanda na kushuka, fundi yuko umbali gani? Nimewahi kuona mashine ya picha imefunikwa kitambaa, juu yake zimepangwa kadi za kliniki. Meza nzuri, kwa kweli.

Sasa fedha zenu. Hapo nafurahi, maana fedha zina uwezo ambao kasha halina: zinasubiri jibu. Msinunue chochote kabla ya kuzungumza na msimamizi wa zahanati, tena kwa kupitia ofisi ya afya inayomsimamia, msije mkajenga kitu kisichokuwa katika mpango wake. Msimuulize "mnahitaji nini?" Ukiniuliza hivyo nitakutajia gari la wagonjwa. Muulizeni: mwezi uliopita ni kitu gani kiliisha, kilikosekana siku ngapi, na mlifanyaje? Majibu yatakuwa madogo na ya kuchosha. Gesi au betri ya jokofu la chanjo, kwa sababu chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 na joto la siku moja laweza kuharibu kazi ya miezi. Mafuta ya pikipiki. Sabuni. Posho ya wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba kupima homa na kumsisitiza mjamzito aje kliniki. Watu husema hao wanajitolea. Anayejitolea naye ana watoto, na akikosa posho ataenda kulima. Afadhali mlipe mhudumu mmoja kwa miaka mitatu bila kukatiza kuliko sita kwa miezi sita.

Usidhani kila msaada wa dawa ni mbaya. Mwaka 1987 kampuni ya dawa ya Merck iliahidi kutoa dawa ya ivermectin bure dhidi ya usubi, ugonjwa unaopofusha, kwa kiasi kitakachohitajika na kwa muda utakaohitajika. Dawa ni moja, inayojulikana, na haikukatika. Wanakijiji wenyewe walichaguana wa kuigawa, wakipima dozi kwa fimbo ya urefu kwa kuwa mizani haikuwapo. Soma tena maneno hayo mawili, kiasi na muda, kisha angalia makasha yenu.

Hizo dawa za majumbani zirudisheni kwa mfamasia aziteketeze inavyopaswa.

SWALI: Mama, tunafadhili kliniki ya kijijini. Mjumbe mmoja anataka kila mgonjwa achangie kidogo "ili athamini huduma". Unaonaje?

JIBU: Hoja hiyo ni ya zamani. Mpango wa Bamako wa 1987, uliokubaliwa na mawaziri wa afya wa Afrika, ulitaka michango ya wagonjwa irudi kununua dawa na isimamiwe na jamii yenyewe, na palipokuwa na usimamizi mzuri rafu zilijaa. Lakini maskini kabisa walibaki nje, na msamaha wa malipo uliokuwa kwenye karatasi haukuwafikia. Mimi nilimpokea mama aliyembeba mtoto mwenye homa siku ya nne. Nikamgombeza: mbona umechelewa? Akafungua fundo la kanga, akanihesabia sarafu mezani. Siku tatu alikuwa akizitafuta.