Kwa wanaotaka kupeleka kazi za mikono Nairobi kwenye maonyesho ya komiki

Wadogo zangu mnaofuma vidoli na mnaotengeneza mavazi ya kosplei, yaani ya kuigiza wahusika wa katuni na filamu, kila mtu anayenitafuta swali lake la kwanza ni meza inakodishwa shingapi. Sawa, uliza, ila mimi nimetoka Arusha kwenda Nairobi kwa barabara mara nne sasa na nawaambia kinachokula hela sio meza, ni njia. Nauli kwenda na kurudi, boksi unalolipia kama abiria, kulala siku mbili au tatu, kula, laini ya Kenya, na zile siku zote mkono haujashika uzi. Kaa na daftari kabla hujatuma hela ya meza, jumlisha vyote hivyo halafu gawanya kwa idadi ya vitu utakavyouza, sio utakavyobeba. Mimi safari ya kwanza nilibeba vidoli 60 nikauza 19, na bei niliyopanga ilikuwa ile ile ninayouzia huku nyumbani, kwa hiyo kila kidoli kilichouzwa nilikisafirisha kwa hela yangu mwenyewe. Nilirudi nimechoka, mabegi yamejaa, na nilikaa miezi miwili sitaki hata kuona kroshia.

Njia yenyewe sio ndefu. Arusha hadi Namanga mpakani ni kama kilomita 110, kutoka hapo hadi Nairobi kama 160, ukitoka alfajiri mchana upo mjini. Shida ni mpaka. Siku hizi, tangu 2018, mnagongewa kutoka na kuingia kwenye jengo moja upande ule unaoingia, kwa hiyo ni haraka kama karatasi zako zimenyooka. Beba pasi, beba kadi ya njano ya chanjo, na la muhimu kuliko yote andika orodha ya mzigo wako, kila aina, idadi na thamani, chapisha nakala tatu. Ndani ya Afrika Mashariki kuna utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi dola 2,000 ambao umetengenezwa huku huku unaweza kupata cheti rahisi cha uasilia, cha kuonyesha umetengenezwa wapi, pale pale mpakani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha ya bidhaa walizokubaliana hulipi ushuru wa forodha. Haimaanishi hutalipa tozo nyingine, na haimaanishi kila kitu kipo kwenye orodha, kwa hiyo piga simu au nenda ofisi ya forodha mapema uulize kwa jina la bidhaa yako. Usijifanye ni zawadi za ndugu. Vidoli 60 vinavyofanana hakuna afisa ataamini ni zawadi, na ukishaanza kwa uongo mazungumzo yote yanakuwa magumu. Na kitu chochote chenye asili ya mnyamapori, manyoya, pembe, sijui jino, acha nyumbani kabisa.

Halafu mifuko. Hii imewaumiza wengi. Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, sisi tukafuata 2019, na vile vifuko vyepesi vya nailoni tunavyowekea hereni ndio hivyo hivyo vinavyokatazwa. Tumia kaki, piga muhuri wako juu, inapendeza kuliko nailoni na mteja anaenda nayo shuleni wenzake wanaiona.

Kufunga mzigo. Vidoli havina shida, hata ukivikandamiza vinarudi, ila usivijaze boksi moja na vitu vyenye ncha. Shida ni vitu vya sponji ngumu, ile ya mikeka ya watoto tunayokata kutengeneza kofia za vita na ngao. Sponji ile inapinda kwa joto, ndio maana tunaweza kuipa shape, sasa ukiiweka juu ya keria ya gari na jua la kuanzia Longido mpaka Kajiado inajipa shape yake. Mimi niliwahi kufungua boksi saa moja kabla ya milango kufunguliwa nikakuta kofia niliyoifanyia kazi wiki tatu imelala upande mmoja kama embe lililokanyagwa, rangi imepasuka kwenye mkunjo. Nikaazima drai ya nywele kwa dada wa meza ya jirani, nikaipasha moto taratibu huku naisukuma kwa ndani na ngumi, ikarudi kiasi, rangi haikurudi. Tangu siku hiyo kofia inasafiri ndani, magotini kwangu, imejazwa magazeti, na nalipia siti ya pili kama ni lazima. Na nabeba gundi, sindano, uzi wa kila rangi na drai yangu mwenyewe.

Sasa mezani. Wanaokuja NAICCON, maonyesho ya komiki ya Nairobi, na mengine kama hayo wengi ni wanafunzi, wana mapenzi makubwa na hela kidogo. Kuna kijana alikuja kwangu na sare ya shule chini ya joho la kosplei, akachukua fisi wangu aliyevaa shuka ya kimasai, akamgeuza miguu juu, akavuta sikio, akapitisha kidole kwenye mshono wa shingo polepole kabisa, akauliza "hii ni pesa ngapi?" Nikamwambia 1,500 za Kenya. Akamrudisha kwa heshima, akamwekea hata mkia vizuri. Sikuwa na kitu kingine cha kumuuzia na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu alikuwa mteja, alikuwa ameshapenda. Safari iliyofuata nilitengeneza fisi yule yule mdogo wa kuning'iniza kwenye begi kwa 300, na ndio waliolipa nauli. Kwa hiyo beba vidogo vingi, vya kati kiasi, na kikubwa kimoja au viwili tu vya kumsimamisha mtu.

Fisi wangu mwenyewe nimesema, niliyembuni mimi, sio mhusika wa anime, zile katuni za Kijapani. Najua wahusika maarufu wanauzika haraka ila wana wenyewe, na mtu wa meza ya tatu kutoka kwako atakuwa nao pia kwa bei ya chini. Kitu ambacho ni chako hakuna wa kukulinganisha naye.

Malipo, wakenya wanalipa kwa simu, noti utaziona chache. Sajili laini ya Kenya kwa pasi yako siku unayofika, sio asubuhi ya maonyesho, andika namba kubwa isomeke kutoka mbali, na bei zote ziwe za Kenya. Usipige hesabu ya kubadilisha hela kichwani mbele ya mteja, utajipunja.

Kurudi, ile orodha ya mzigo kata vilivyouzwa na ibaki mkononi pamoja na karatasi ulizopewa wakati wa kuingia, maana Namanga wanaweza kukuuliza tena vidoli hivi umenunua wapi, na utataka kuonyesha kwa karatasi kwamba vilitoka Arusha.