Maswali ya Jozani: ndizi, chui, na hayo matuta mnayoyalalamikia

Nimefungua meseji zenu za wiki hii, zaidi ya nusu zinauliza kitu kimoja kile kile, nikafunga nikaenda kunywa chai kwanza. Haya, tuanze na hicho hicho tumalizane.

Nakuja Unguja mwezi ujao na mchumba wangu, nibebe ndizi za aina gani ili kima wa msitu wa Jozani wapande begani tupige picha? (Morogoro)

Usibebe. Kaka yangu, hili nimelijibu mpaka kidole kimeota sugu. Kima punju, yule mwekundu mgongoni mwenye manywele meupe kama kaamka sasa hivi, tumbo lake lina vyumba kidogo kama la ng'ombe, limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi ambayo yanachachuka humo ndani taratibu, ukimtia ndizi mbivu yenye sukari unamvuruga tumbo zima. Anayependa ndizi ni yule kima wa kawaida wa kijivu, na huyo ukishamzoesha leo kesho anaingia jikoni kwa watu wa Pete na Kitogani, vijiji vya jirani, wewe ushapanda ndege umeondoka.

Halafu kuna mafua. Magonjwa yetu wanayapata, ni jamaa zetu hao. Mwezi uliopita nimemuona mtu kainama na simu kwa mama mwenye kichanga, hapo hapo akapiga chafya mbili, mgeni wa watu wala hakuona ajabu. Na wanaosema "lakini wenyewe wanatusogelea", jamani, hawakusogeleini. Wamezoea tu. Anakaa kwenye mti usawa wa kiuno chako, mkia unaning'inia, anatafuna, hakuangalii hata mara moja. Hajakupenda, kakupuuza. Simama mbali hatua kadhaa upige picha yako, zumu ya simu ipo kwa kazi hiyo.

Ni kweli kima punju ana sumu na mti anaoula unakufa? Bibi yangu alikuwa akisema hivo. (Fuoni)

Bibi yako hakuwa peke yake, jina lenyewe punju limetokana na hayo, watu waliamini ana sumu na harufu mbaya na mnazi akiugusa basi tena. Sumu hana. Kinachochekesha ni kwamba mwenye tabu na sumu ni yeye, kwa sababu majani ya mwembe na mkungu anayoyapenda yana vitu vinavyomsumbua tumbo, dawa yake ni makaa. Anakula makaa kweli kweli! Anaokota kwenye kisiki kilichoungua au penye tanuri la mkaa, anakaa pembeni kashika kipande kwa vidole vinne, dole gumba hana, anakitafuna kama mtoto na kashata, midomo myeusi. Makaa yananyonya ule ubaya wa majani, na watoto wanajifunza kwa mama zao.

Kuhusu minazi, watafiti walishahesabu nazi huko mashambani wakakuta kwamba anachokula ni vidaka, zile nazi changa ndogo, ambavyo vingi vingeanguka vyenyewe, na mavuno hayakushuka, minazi mingine ilizaa zaidi. Lakini sitaki kumkebehi mkulima. Mtu ana miembe yake minne, kundi la kima thelathini linashinda humo, na watalii wanasimama barabarani kupiga picha bure. Mie nasema pesa ya kiingilio lazima imfikie huyo mkulima, tena kwa hesabu anayoweza kuisoma, la sivo msishangae akichukua panga akakata mti.

Saa moja inatosha? (Dar)

Kwa kumuona kima, inatosha. Kwa kuiona Jozani, hapana. Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita pale getini.

Chui wa Zanzibar bado yupo? Niliona kwenye TV wamempata. (Mombasa)

Yule chui wa kwenye video ya 2018 ya yule Mmarekani wa kipindi cha TV, Forrest Galante, ni picha ya usiku ya sekunde chache, hakuna aliyekuja na nywele wala kinyesi wala unyayo wa kuthibitisha. Mie nimezunguka huku miaka mingi, wazee wenye hadithi nimekutana nao wengi, mwenye chui bado. Chui wetu alisakwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa sababu watu waliamini kuna chui wa kufugwa, chui wa wachawi, kwa hiyo kumuua ilionekana kama kusafisha mtaa. Ukimtaka nenda makumbusho mjini, yupo pale kakaushwa. Na msiniletee tena picha za paka mkubwa wa shamba, nakuombeni.

Kwa nini Unguja hakuna punda milia wakati huku Bara wapo? (Bagamoyo)

Swali zuri, wengine mjifunze. Walikuwepo! Kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wamekuta mifupa ya punda milia na nyati. Zama za barafu bahari ilikuwa chini, mkondo huu kati yetu na Bara hauna kina kirefu, kwa hiyo Unguja ilikuwa kipande cha Bara na mnyama alikuja kwa miguu. Bahari ikapanda, kama miaka elfu kumi hivi iliyopita, waliobaki huku wakabanwa, wakubwa wakaisha. Kima punju akabaki, na leo hapatikani kwengine duniani, ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Pemba yenyewe hakuwako kwa asili, mkondo wa Pemba ni shimo la mamia ya mita, kisiwa kimejitenga zamani sana.

Na ndio maana nasema saa moja haitoshi. Jozani penyewe ni bonde, maji ya chini yako juu juu, masika msitu unajaa maji, mitondoo na michikichi imesimama ndani ya tope. Toka hapo kidogo tu, unaingia maweni, jiwe la matumbawe kali linalochana viatu, udongo ni ule ulioingia kwenye vishimo, miti mifupi, na humo ndimo paa nunga anapojificha, mnyama ambaye kapungua kupita kiasi. Endelea mpaka ghuba ya Chwaka, unakuta mikoko. Sehemu tatu tofauti kabisa kwenye hifadhi isiyozidi kilomita za mraba 50, na watu wanarudi na picha ya kima tu.

Naweza kupata boriti za mikoko kidogo huko za kuezekea? (Jambiani)

Hapana. Tena umeniuliza hadharani.

Matuta ya barabara ya Jozani yanatuharibia gari, kwa nini wasiyatoe? Wengine tuna wageni wa kuwahi. (dereva, mjini)

Kabla ya matuta kima alikuwa anagongwa kila wiki mbili tatu. Baada ya matuta vifo vimepungua sana, havijaisha. Sensa iliyotoka 2017 iliwakuta kima punju karibu 5,800, wengi kuliko tulivyodhani, lakini hao ndio wote ulimwenguni, yakhe, na hao wageni wako wamekuja kwa ajili yao. Mie ningekuwa na uwezo ningeongeza matuta mengine mawili.

Nikwambie wanavovuka, maana naona madereva hamjui. Dume linatangulia, linakaa kwenye lami kama mwenye nyumba, akina mama na vichanga tumboni wanapita, kimya, unaona kwisha. Bado hawajaisha. Kuna vijana wawili watatu wamebaki nyuma wanachezeana kwenye tawi, wanashtuka kundi limewaacha wanaruka kwa pamoja, na hapo ndipo wewe ushakanyaga mafuta. Hesabu mpaka ishirini kwanza ndio uondoke.