Kuishi kwa nyimbo za asili bila lebo: jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada anauliza kama anaweza kuacha ualimu akaishi kwa kutunga na kuimba nyimbo za kwao, yeye na gitaa lake, bila meneja wala lebo (kampuni ya kusimamia muziki). Mkuu, mimi niko kwenye kazi hiyo tangu 2009, hapa Dodoma. Napiga ilimba, ile ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba, na gitaa, naimba Kigogo na Kiswahili. Kuishi unaishi, ila hela haitoki kule unakodhani.

Mtandaoni usitegemee. Spotify ilipofunguliwa kwetu 2021 nilishangilia kama nimepata ajira. Kumbe tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hata senti, na zangu nyingi hazifiki. YouTube wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa. Ilinichukua miaka mitatu, na malipo ya kwanza yakaishia kwenye nyuzi za gitaa. Weka nyimbo huko ili watu wakuone, basi.

Kinachonilisha ni nyimbo za kuagizwa. Mtu anapiga simu: mama anatimiza miaka 70, tunataka wimbo wake. Mwanzoni nilizidharau, nikajiona msanii mkubwa wa kungoja jukwaa la Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Zanzibar. Njaa ikanifundisha adabu. Sasa naenda nyumbani kwao, nakaa jikoni na mashangazi, nauliza mama alizaliwa wapi, alilima nini, ng'ombe wake waliitwaje. Natunga wiki moja. Siku ya shughuli, likitajwa jina la ng'ombe aliyeuzwa kulipa ada, ukumbi mzima unasimama kutunza. Kuna siku hela za kutunzwa zilizidi malipo tuliyopatana. Babu yangu naye alikuwa akiitwa kuimba watu wanapolima kwa ushirika, analipwa pombe na nyama. Kwa hiyo kazi hii ilikuwepo kabla ya lebo yoyote.

Kingine, jifunze kupiga laivu peke yako saa nzima bila kuchosha watu. Sauti za Busara hawataki pleibeki kabisa, yaani kuimbia juu ya muziki uliorekodiwa, na hoteli zinazolipa vizuri ni hivyo hivyo. Na ukipiga ilimba, tembea na utando wa buibui wa akiba. Usicheke. Ule utando unaoziba vitundu vya ilimba ukipasuka, ule mvumo wake unapotea, na dukani hauuzwi.

Sasa la mkataba. Mwaka 2014 kampuni moja ilitaka wimbo wangu kwa tangazo la redio. Wakanipa 300,000 taslimu na karatasi ya kurasa nne, nikasaini nimesimama. Ndani imeandikwa haki zote, bila kikomo. Tangazo lilirushwa miaka miwili, mimi nalisikia kwenye daladala na nauli sina. Siku hizi nakodisha wimbo kwa mwaka mmoja tu, na nimesajili kazi zangu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Lakini lililoniuma zaidi si hilo. Kile kiitikio cha wimbo wa tangazo hakikuwa changu. Nilikitoa kwa mabibi wa kijijini kwetu, wanakiimba wakitwanga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata sanaa za jadi, mimi wakati huo sikujua, wala sikuuliza mtu. Sasa nina daftari: ubeti huu wangu, kiitikio hiki cha nani, nilikisikia wapi.

Mabibi walilisikia tangazo redioni. Nilipokwenda kusalimia, mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, umetuuza bei gani?" Nilirudi baadaye na magunia mawili ya mahindi. Waliyapokea, wakanishukuru vizuri tu. Ila yule aliyekuwa akianzisha kiitikio, nikifika siku hizi, anatwanga kimya.