Muulize Fundi: Kigari kimekula mikanda mitatu

*Shikamoo, fundi. Nina kigari cha porini cha viti viwili, kile chenye bodi dogo la mizigo nyuma. Nabebea maji, mbao na mifuko ya saruji. Ndani ya mwaka mmoja kimekula mikanda mitatu. Wa mwisho ulikatika nikipanda mlima na mapipa mawili ya maji. Aliyeniuzia anasema nihamie mkanda wa bei ya juu. Jirani anasema nipake grisi kwenye puli ili mkanda usisuguane. Gia ya L, ile ya nguvu na mwendo mdogo, siigusi, maana injini inapiga kelele na naona inakunywa mafuta bure. Nifanyeje? – Mbeba maji*

Marahaba. Nianze na jirani yako, kwa sababu yeye atakuulia mkanda wa nne kabla hujafika getini. Grisi ni marufuku. Oili pia, na ile dawa ya kupuliza ya kunyamazisha mikanda nayo ni marufuku. Mkanda huu kazi yake ni kung'ang'ania chuma. Ukiulainishia njia, umeufukuza kazi.

Fungua kile kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini. Utaona puli mbili: moja imekaa kwenye shafti ya injini, nyingine kwenye shafti inayoingia giaboksi. Kila puli ni kama visahani viwili vya kahawa vilivyogusanishwa migongo, na mkanda unapita katika ule mfereji wa katikati. Injini ikiwa imetulia, visahani vya puli ya injini viko mbalimbali na mkanda haujabanwa. Ukikanyaga mafuta, vyuma vya uzito vilivyomo ndani hutupwa nje kwa mzunguko, visahani vinasogeleana, mkanda unabanwa na kupanda kuelekea ukingoni. Kwenye puli ya pili mambo ni kinyume: springi inakubali, visahani vinaachana, mkanda unazama. Basi hapo gia imebadilika bila klachi ya kukanyaga. Ujanja huu si mpya. DAF wa Uholanzi waliuweka kwenye gari dogo la abiria mwaka 1958, na gari hilo liliweza kukimbia rivasi kasi ileile ya kwenda mbele. Watu wakaanza kushindana kinyumenyume! Skuta nyingi za leo zinatumia njia hiyohiyo.

Sasa hesabu zako. Mapipa mawili ya lita 200 ni kilo 400 za maji, bila kuhesabu mapipa yenyewe wala wewe. Tafuta kibandiko cha mtengenezaji karibu na bodi, usome uzito ulioruhusiwa. Huenda ukakuta ulikuwa umezidisha tangu safari ya kwanza.

Lakini hata uzito ungekuwa halali, kupanda nao ukiwa kwenye H, gia ya mwendo wa kasi, ni kuuchoma mkanda kwa makusudi. Injini inausukuma, magurudumu hayataki kwenda, na kati ya wawili hao anayeumia ni mpira. Unateleza kidogo ndani ya puli, kidogo tu, wala husikii kitu. Kule kuteleza ni joto. Mpira ukishapata joto unakuwa mgumu na kung'aa pembeni kama kioo, na ukishang'aa unateleza zaidi. Ndiyo maana mkanda huonekana kama umekatika ghafla wakati ulianza kufa wiki mbili nyuma.

Ukiweka L, mzigo unabebwa na meno ya chuma ndani ya giaboksi. Puli zinazunguka kwa kasi, mkanda unabanwa sawasawa, na mapezi yaliyo kwenye puli yanavuta hewa ya kupoza. Ile kelele unayoichukia ndiyo feni ya mkanda wako ikifanya kazi. Kanuni yangu: mzigo mzito, mlima, tope, mawe, kuvuta kitu, au mwendo wowote wa chini ya kilomita 25 kwa saa kwa muda mrefu, naweka L. Nabadilisha gia kigari kikiwa kimesimama, si kikiwa kinatembea. Mafuta ya ziada yatakayokwenda hapo sijawahi kuona yakifikia gharama ya mkanda.

Nami si malaika. Mkanda wangu wa kwanza niliua mwenyewe nikiwa nimekaa tu. Nilikuwa mteremkoni, pua ya kigari ikitazama juu, mbao zimejaa nyuma, mtu akanisimamisha tuzungumze. Badala ya kukanyaga breki nikawa nakizuia kisirudi nyuma kwa mguu wa mafuta, nakanyaga kidogo, naachia kidogo. Puli ya injini ikawa inazunguka na mkanda umesimama palepale, unasagwa sehemu moja. Tulipoagana sikwenda mbali nikaanza kusikia to, to, to, kigari kinaruka kama kina jipu kwenye tairi. Nilipofungua, mkanda ulikuwa umebonyea mahali pamoja, umekondeana kama umetafunwa na panya. Mlimani simamia breki.

Na ukianza mwendo, kanyaga kwa uamuzi. Sisemi uupige teke, nasema usibembeleze. Anayenyemelea mafuta anauacha mkanda ukisuguana bila kushikwa.

Kuhusu muuzaji wako: mkanda mzuri upo na mbovu upo, sibishi, ila namba ya mkanda lazima ilingane na ya kigari chako. Ukizidi upana au urefu kwa milimita chache tu, puli hazitaubana inavyotakiwa. Kabla ya kuufunga, futa nyuso za puli kwa kitambaa safi chenye spiriti. Zikiwa na alama nyeusi za mpira, zipitie kwanza kwa msasa laini. Mkanda wenyewe naosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nauacha ukauke kabisa. Ukiwa na mishale, ifuate. Kilomita 50 za mwanzo nenda taratibu, bila mzigo, ukipandisha na kushusha mwendo, halafu uuache upoe. Mkanda mpya ukipelekwa moja kwa moja kwenye mapipa ya maji unaungua kabla haujajipatia nafasi yake kwenye puli.

Safisha pia bomba la kuingiza hewa kwenye kifuniko hicho, na chujio lake kama lipo. Wengi wanasafisha chujio la injini tu, hawajui kwamba mkanda nao una pua yake. Ukitoka kwenye kazi nzito usizime papo hapo. Weka nyutro, acha injini iungurume dakika mbili tatu itoe ile hewa moto. Mimi hubeba kipimajoto kidogo cha kuelekezea. Nikisimama na kukuta mkanda umepita nyuzi 100 za Selsiasi, nampumzisha mnyama.

*Fundi, nimevuka kijito, maji yalifika usawa wa sakafu. Tulipotoka ng'ambo, injini inanguruma lakini kigari hakisogei. Mkanda umekatika? – Wa ng'ambo ya pili*

Yaelekea umelowa tu. Usiendelee kukanyaga ukiwa kwenye gia, hapo ndipo utaukata kweli. Chini ya kifuniko cha puli kuna kizibo cha kutolea maji kwenye vigari vingi, kitoe. Maji yakiisha, weka nyutro, piga resi kiasi kwa vipindi vifupi mpaka mkanda ukauke, kisha jaribu kusogea kwa L. Rudisha kizibo. Kama maji yanaingia kila mara, kagua mpira wa kuzunguka kifuniko na uangalie mdomo wa bomba la hewa uko urefu gani. Na kama yalikuwa maji ya tope, ukifika fungua kifuniko usafishe. Udongo uliokaukia kwenye puli ni msasa.

*Shikamoo fundi. Nina mkanda wa akiba, nimeukunja vizuri na kuufunga kwa kamba chini ya kiti. Unatosha? – Mwenye tahadhari*

Marahaba mwanangu, ufungue hiyo kamba leo. Ndani ya mpira kuna nyuzi ngumu zinazobeba nguvu yote, na kuzikunja kwa pembe kali kunazivunja bila wewe kuona kitu kwa nje. Uweke umekaa duara lake, mbali na bomba la moshi na mafuta. Bora zaidi, ufunge kwenye kigari siku usiyo na haraka, uutembeze zile kilomita 50, kisha uutoe uwe akiba. Siku ya shida utakuwa tayari kwa kazi, na wewe utakuwa umeshajifunza kuufunga, jambo ambalo hutaki kujifunzia porini usiku. Weka pamoja nao kile kifaa cha kutanulia puli ya pili na spana za kifuniko.

Na ule wa zamani ukikatika, usifunge mpya juu ya uchafu wake. Toa kila uzi, angalia nyuma ya puli ya injini, maana nyuzi hupenda kujizungusha kwenye shafti na kula sili ya oili. Chungulia na bomba la kutolea hewa. Nimewahi kutoa humo kipande cha mkanda kirefu kama kiganja, na mwenye kigari alikuwa ameshachoma mwingine akilaumu duka.