Je, mkanda wa "It's Alive" ya Ramones uliongezwa spidi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeilinganisha "It's Alive", albamu ya jukwaani ya Ramones, bendi ya punk ya Marekani, na albamu zao za studio. Nyimbo ni zilezile, ila za jukwaani zinakimbia mno. Je, mafundi waliongeza spidi ya mkanda? Nauliza kwa sababu bendi yetu imerekodi onyesho na linasikika zito, sasa nataka kuliharakisha kwenye kompyuta kwa asilimia 10 hivi.
Mpiga gitaa, Mwanza

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hapana, ile kasi ni ya mikono yao. Wala huna haja ya kuniamini mimi, chukua gitaa ulithibitishe mwenyewe.

Mkanda ukizungushwa haraka, mwendo na kimo cha sauti hupanda pamoja. Ukiongeza asilimia 6, kila noti inapanda nusu toni. Ukiongeza 12, inapanda nusu toni mbili: A inageuka B. "Blitzkrieg Bop" kwenye albamu yao ya kwanza, ya 1976, inachezwa hasa kwa kodi (chords) za A, D na E. Piga A yako juu ya ile ya studio, halafu juu ya ile ya jukwaani. Gitaa lako litakaa sawa kote kuwili. Msikilize pia mwimbaji Joey Ramone anaposema na watu kati ya wimbo na wimbo: ni sauti ya mtu mzima, haijawa nyembamba kama inavyokuwa mkanda unapokimbizwa.

Mjuzi atasema kimo cha sauti kingeweza kushushwa baadaye bila kugusa mwendo. Ni kweli, katikati ya miaka ya 1970 kilikuwepo kifaa cha Eventide H910 kilichoweza kufanya hivyo. Lakini kilikuwa kinakatakata sauti na kuiunga upya, na viungo vyake vilisikika. Ungekipitishia bendi nzima, yenye matoazi na gitaa lenye mkwaruzo mzito, ungesikia sauti inagugumia kila mahali.

Sasa tazama walichokuwa wanakifanya jukwaani. Onyesho lile ni la tarehe 31 Desemba 1977, ukumbi wa Rainbow, London. Wana albamu tatu tu, na wanapiga nyimbo zake kwa mfululizo: 28 ndani ya dakika 54 hivi, yaani wastani wa chini ya dakika 2 kwa wimbo, makelele ya watu yakiwemo. Wimbo haujapoa, mpiga besi Dee Dee ameshahesabu moja hadi nne, wameingia mwingine. Mpiga gitaa Johnny anapiga nyuzi kwa kushuka tu, mkono haupigi ukipanda. Tuseme wimbo uko kwenye mapigo 190 kwa dakika na yeye anagonga mara mbili kila pigo: hiyo ni kugonga mara 380 kwa dakika, zaidi ya 6 kila sekunde. Kupiga kwa kushuka na kupanda kungempumzisha, ila kila anapogonga kwa kushuka anaanza na nyuzi nene, ndiyo maana gitaa lake lina uzito uleule kila mahali. Tommy kwenye drams hana mapambo mengi, anashikilia mdundo usiyumbe. Nampenda sana kwa hilo. Alikuwa fundi wa studio kabla ya bendi, na albamu hii aliitengeneza yeye pamoja na Ed Stasium. Ilipotoka mwaka 1979, Tommy alikuwa ameshaacha kupiga drams za Ramones.

Turudi kwenye rekodi yenu. Programu za leo zinaweza kuongeza mwendo bila kugusa noti, lakini kwa asilimia 10 matoazi yatapoteza makali na mdundo wa drams utalegea. Usifanye. Nadhani tatizo lenu si mwendo. Naomba uangalie kwanza maikrofoni mlizoweka kwa ajili ya watazamaji. Sauti inachukua takribani milisekunde 3 kwa kila mita. Maikrofoni iliyo mita 20 kutoka jukwaani inaipokea drams ikiwa imechelewa milisekunde 58 hivi. Katika mapigo 190, kutoka kugonga gitaa mara moja hadi mara inayofuata ni milisekunde 158 tu, kwa hiyo zaidi ya theluthi ya nafasi hiyo inajazwa na mwangwi wa sauti iliyotangulia. Sikio linausikia huo kama uzito, na mwenye bendi anadhani wanamuziki wamechoka.

Zima kabisa njia (tracks) za maikrofoni za watazamaji, usikilize ala peke yake. Ikiwa onyesho limechangamka ghafla, umepata jibu. Zirudishe baada ya kuzivuta mbele: tafuta mdundo mmoja mkali wa drams, ukuze picha ya mawimbi, sogeza hadi vilele vilingane na vya maikrofoni iliyo karibu na drams. Kisha ondoa besi yote kwenye njia hizo, chini ya hezi 200, na zipandishe sauti kati ya nyimbo tu.

Ikiwa bado ni zito hata ala zikiwa peke yake, hapo ni mazoezi. Washa metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mwendo ambao kiwiko na kifundo cha mkono havikazi, piga kwa kushuka wimbo mzima, ndipo uongeze mapigo 4 au 5. Mkono ukianza kuuma, acha siku hiyo. Na mpiga drams afanye mazoezi hayo pamoja nawe, asije akayasikia kwa mara ya kwanza jukwaani.