Neno la siri liwe lake

Mwanangu Wekesa,

Jumapili uliniuliza kama tumnunulie baba yako simu ya kugusa na kumfungulia barua pepe, au tumwache na kabambe yake ya vitufe, maana umesikia jinsi wazee wanavyoibiwa mtandaoni. Simu ikakatika kabla sijajibu.

Mnunulie. Ila nina sharti moja.

Unaikumbuka saiba yetu, lile duka la intaneti karibu na steji, hapa Bungoma? Wewe ulikuwa unalala chini ya meza ya printa. Siku hizo intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti. Nilitoza shilingi tano kwa dakika, na mteja aliweza kumaliza chai ukurasa haujafunguka. Mwaka 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, bei ikashuka, watu wakajaa hadi mlangoni.

Kulikuwa na mzee wa Chwele ambaye mwanawe yuko Marekani. Alikuja amevaa koti kama anayekwenda kanisani. Kuchapa hakujua, kwa hiyo alisema nami nikachapa: ng'ombe amezaa, mvua imechelewa, mama yako bado anakohoa. Hapo kwa "anakohoa" alinyamaza kidogo, akaniambia nifute, mtoto asije akakosa usingizi. Siku nyingine jibu lilikuja kabla hajaondoka. Aliniomba nilisome mara mbili, kisha nilichapishe, akalikunja na kulitia ndani ya Biblia. Zamani barua ya posta kutoka huko ilimchukua majuma. Anayeniambia mtandao ni hasara tupu, namkumbuka mzee yule na koti lake.

Lakini kuna la pili, na hili lawama yake ni yangu. Kwenye droo niliweka daftari la kurasa 96 lenye maneno ya siri ya wateja. Sikumlazimisha mtu. Wenyewe walisema, "Mama Wekesa, nihifadhie, mimi nitasahau." Tarehe 30 Juni ikikaribia, watu wakitaka kujaza ritani za kodi za KRA, daftari lilishinda juu ya meza. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipokuja 2014 nikaanza daftari la pili. Nilijiona mwema.

Nilipokwenda matanga ya shangazi yako nilimwachia kijana duka kwa siku tatu. Haikupita muda, ndugu za mteja wangu mmoja wakapata barua pepe: amelazwa, hali si nzuri, watume pesa kwa namba hii. Mwenyewe alikuwa shambani akipalilia mahindi. Wawili walituma. Ungewalaumu vipi? Anwani ilikuwa yake hasa, na ukiijibu, anayekujibu ni mwizi. Kijana hakurudi kazini. Pesa nililipa mimi, na madaftari yote mawili niliyachoma jikoni huku baba yako ananitazama bila kusema neno. (Ndiyo sababu mwaka ule hukupata viatu vipya. Sasa unajua.)

Wapo pia wezi wasiohitaji neno la siri la mtu. Jina lile linalotokea juu ya barua pepe huandikwa na mtumaji mwenyewe, kama jina la nyuma ya bahasha. Anaweza kujiita benki, askofu, hata wewe. Hilo nitamfundisha mimi. Akiona barua inayomharakisha kuhusu pesa, ampigie anayedaiwa kuiandika, kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani.

Sharti langu sasa. Nakujua: utafungua kila kitu ukiwa Nairobi, neno la siri utaweka jina lako na mwaka wa kuzaliwa, kisha utatutumia kwa WhatsApp. Usifanye hivyo. Njoo nyumbani, keti naye, achague mwenyewe, nawe ugeuke upande wakati anaandika. Mimi pia nitatoka nje. Akilisahau atahangaika kulibadilisha, si neno. Baba yako anakumbuka jina la kila fahali aliyewahi kumfuga, hatashindwa. Laini iwe kwa kitambulisho chake, na PIN ya M-Pesa ibaki ileile ambayo hata mimi, miaka yote hii, sijaambiwa.

Bando nitanunua mimi. Ila habari ya simu mwambie wewe. Nikimwambia mimi, atauliza pesa za mbolea zimekwenda wapi.

Mama yako