Sauti ya juu si sauti kubwa

Swali: Naimba sauti ya tatu, yaani teno, katika kwaya ya kanisa. Mwalimu wetu mpya anatutaka tuimbe nota za juu kwa "sauti ya kichwa". Wazee wa kwaya wanasema hicho si Kiswahili, na kwamba anachotaka ni falseto tu, kwa hiyo mwisho tutageuka alto, sauti ya pili ya wanawake. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu wako. "Sauti ya kichwa" na "sauti ya kifua", ile nene ya nota za chini, ni majina makongwe. Mtawa Jerome wa Moravia aliyaandika kwa Kilatini katika karne ya 13, na Kiswahili kimeyapokea bila taabu, kama tunavyosema fulani anaimba puani. Falseto asili yake ni neno la Kiitalia lenye maana ya uongo. Katika falseto nyuzi za sauti hazifungi sawasawa, pumzi inavuja na sauti inatoka hafifu. Katika sauti ya kichwa nyuzi huvutwa zikawa ndefu na nyembamba, lakini bado zinakutana. Wapo walimu wasioyatenganisha majina haya mawili, nami sigombani nao.

Ninaogombana nao ni wale wanaosema "sauti ya juu" wakikusudia sauti kubwa. Hao wanaharibu lugha na wanaharibu makoo ya watu. Kwaya inakaribia kilele cha wimbo, nota inapanda, mwalimu anawageukia wanaume na kuwaamuru: "Pazeni sauti!" Yeye anataka wapande. Wao wamesikia kwamba waongeze nguvu. Mishipa ya shingo inawatoka, videvu vinainuka, nota inabaki chini ya mahali pake. Mwalimu anarudia, "Juu zaidi!", nao wanazidi kupiga kelele mpaka sauti zinawakatika. Baada ya misa wanalaumiwa kwamba hawana sauti.

Msikilize mbu sikioni usiku. Mabawa yake hupiga mara mamia kwa sekunde, kwa hiyo sauti yake iko juu, nyembamba kabisa, na ni ndogo hata mwenzako kitandani haisikii. Kisha isikilize honi ya meli inapoondoka bandarini Dar es Salaam: iko chini, nene, na ni kubwa, inasikika hadi Kigamboni. Atakayeniambia kwamba honi ile ina "sauti ya juu" kuliko mbu, basi hana neno lililobaki la kumweleza mbu. Wahenga wetu walikuwa nayo maneno yote: sauti kubwa na ndogo kwa nguvu, sauti nene na nyembamba kwa kimo. Biblia ya Kiswahili inasema mtu alilia "kwa sauti kuu", haisemi ya juu. Wanaisimu nao wametupa "kidatu" kwa hicho kimo, neno zuri linalokaa bure kwenye vitabu vya fonolojia.

Mwilini pia ni mambo mawili. Ukubwa wa sauti hutegemea zaidi msukumo wa pumzi. Kidatu hutegemea nyuzi: zikitetemeka mara 440 kwa sekunde, umeimba ile nota ya La ambayo wapiga ala hulinganishia vyombo vyao. Ndiyo maana walimu wa leo wanaikuza sauti ya kichwa kwa upole. Unaanzia juu kwa irabu "u", sauti ikiwa ndogo, unateremka polepole hadi kifuani bila kuruhusu mkatiko, kesho unarudia. Nguvu huja baadaye, nyuzi zikishazoea. Zoezi hilo haliwezekani kwa mtu aliyefundishwa kwamba juu maana yake ni nguvu.

Magazeti yakiandika kwamba wananchi "wamepaza sauti" kudai maji, nayaachia. Hapo maana imeshakaa na haimuumizi mtu. Ndani ya chumba cha mazoezi sisamehe. Mwalimu aseme "pandeni" anapotaka kidatu, na "ongezeni" anapotaka ukubwa.

Na wazee wasikutie hofu ya kugeuka alto. Aina ya sauti hutokana na maumbile ya nyuzi na koo, na hutambuliwa kwa eneo unaloimba kwa raha na rangi ya sauti yako hapo, si kwa nota moja uliyoifikia siku ya sikukuu. Teno anayetumia sauti ya kichwa ni teno.